Tulipoupa Mto Mgongo

Nilipokuwa bado mtoto wa kubebeshwa kibuyu kidogo, kwetu mto haukuwa maji. Mto ulikuwa mchanga. Ulipita chini ya tembe letu, upande wa mashariki wa kijiji chetu, Ipagala, mpana na mweupe, na kwa miezi mingi ya mwaka ng'ombe waliuvuka bila kulowa kwato. Maji yalikuwa chini. Sisi wanawake na wasichana tulichimba visima mchangani, tukachuchumaa ndani yake, tukateka kwa kata, kisha tukangoja kisima kitoe tena. Mgeni akipita pale siku hizi huniuliza huo mto wenyewe uko wapi. Namwambia akae, atauona siku moja, na siku hiyo hatauliza.

Maana mto wetu ulikuja kwa siku moja. Mvua ilinyesha mbali huko juu, kwetu jua linawaka kama kawaida, na mara kichwa cha maji kikatokea penye kona kikiwa kimebeba povu, magogo na mbuzi wa watu. Kwa hiyo kila aliyeshuka kuteka alifundishwa mambo mawili kabla ya kushika kata. La kwanza, chuchumaa ukitazama juu, unakotokea mto. La pili, ukiwa mchangani usimwite mtu kwa jina, kwa sababu waliochukuliwa na maji wanasikiliza, na jina wakilisikia wanaliitika. Sisi watoto tuliliogopa la pili kuliko la kwanza, ingawa la kwanza ndilo lililokuwa likiua watu.

Sasa nina wajukuu, na nilikalishwa shule ya misheni nikafundishwa kwamba wafu hawakai mchangani. Nimekubali. Lakini hata leo siwezi kumwita mtu jina nikiwa mtoni, na asije mtu kunicheka.

Enzi hizo Wadachi ndio waliotutawala, na reli ilikuwa bado haijafika kwetu. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo kodi ya nyumba ilimwangukia kaka yangu Ndahani, mtoto wa kwanza wa Mama. Alikwenda Mpwapwa kutafuta kazi ya upagazi, akapata mzigo wa kupeleka pwani, yeye pamoja na Chibago, mtoto wa jirani yetu, ambaye walikuwa chanda na pete tangu wakichunga ndama. Alisema atarudi kabla ya kupanda uwele. Ndahani alisifika kijijini kwa jambo moja, kuchimba visima. Alitembea juu ya mchanga mkavu, akasimama, akapiga kisigino chini, akasema, "Hapa." Na maji yalikuwa hapo. Mimi alinitania kwamba nikinywa sana kisima chake kitakauka, nami nikamwamini, nikawa nakunywa kwa kujinyima.

Uwele ulipandwa, ukavunwa, hakurudi.

Chibago alirudi peke yake, alasiri moja, kiangazi kikiwa kimekolea. Hakuingia uani. Alisimama nje ya zizi akasalimu kwa mbali, "Mbukwenyi." Bibi yangu, mama yake Baba, akaitika, "Mbukwa," lakini Mama hakuitika. Mama alikuwa anaangalia nyuma ya Chibago, kule njiani, kama kuna mwingine anayekuja taratibu.

"Ingia, mwanangu," Bibi alisema. "Kaa chini. Useme."

Naandika maneno yao kwa Kiswahili, lakini tulikuwa tunasema Kigogo, na nakumbuka jinsi Chibago alivyokwama, kwa sababu baadhi ya vitu alivyoviona havikuwa na jina katika lugha yetu. Ilibidi atumie maneno ya pwani, kujaa na kupwa, kisha atueleze. Alisema baada ya kutua mizigo walichukuliwa kufanya kazi katika shamba la pamba la Mdachi mmoja, karibu na mahali ambapo mto mkubwa unaingia baharini. Walilala ukingoni mwa mto huo. Asubuhi mto ulikuwa ukienda baharini, kama mto wowote. Kabla ya adhuhuri ulipunguza mwendo, ukasimama kabisa, majani yaliyoelea yakawa yanazunguka pale pale. Halafu ukageuka.

"Ukageuka vipi?" aliuliza Baba mdogo, ndugu yake Baba, aliyekuwa ameitwa.

"Ukarudi ulikotoka, Baba. Bahari inausukuma. Gogo lililopita mbele yetu asubuhi, tulilitazama likirudi mchana, likapita tena kwenda juu. Jioni likashuka. Mara mbili kila siku. Na maji yakipanda yana chumvi. Ya chumvi yanapita chini, ya mtoni yanabaki juu, ukitumbukiza kibuyu kwa kina unapata chumvi."

Baba mdogo alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kumwita mwenzake mwongo.

Chibago akaendelea. Maji ya kunywa yalikuwa mbali na kambi, na Ndahani alichoka kuyafuata. Maji ya mto yalipopwa, fungu la mchanga lilitokea katikati, jeupe, kama mto wa kwetu. Ndahani akasema yeye ni mtu wa mchanga, hawezi kulala na kiu mchanga ukiwa mbele ya macho yake. Akavuka mfereji mdogo uliobaki kati ya ukingo na lile fungu, maji yakimfika magotini. Akapiga kisigino chake. Akachimba.

"Nilimwita," Chibago alisema. "Nikamwambia wenyeji wanasema usikae huko. Akanijibu, 'Si natazama juu?' Alikuwa ametazama juu, Bibi. Alichuchumaa kama tulivyofundishwa, anaangalia unakotokea mto. Maji ya kwanza yalikuwa na chumvi, akayatupa, akachimba zaidi, akangoja kisima kitulie. Mgongo aliipa bahari."

Nilikuwa nimeketi karibu na miguu ya Mama. Niliona vidole vyake vya mguu vikijikunja.

Maji yalimjia kwa nyuma. Hayakuja kama ya kwetu, kwa kelele na povu. Yalikuja kimya, na hayakuanza na lile fungu la mchanga, yalianza kwa kuujaza ule mfereji aliouvuka. Alipoinua kichwa, fungu lilikuwa bado kavu miguuni mwake, lakini ukingo ulikuwa umekwisha kuwa mbali. Hakujua kuogelea. Nani kwetu alijua? Alisimama pale huku mchanga ukipungua kumzunguka, na Chibago akakimbia kuita watu wenye mtumbwi, na aliporudi nao mchanga haukuwepo wala mtu hakuwepo.

"Mwili?" aliuliza Baba mdogo.

"Hatukuupata. Kibuyu chake tu ndicho kilichoonekana. Kilitupita kikielekea juu na maji yakijaa. Jioni kikarudi. Kesho yake kikapanda tena. Siku ya tatu sikukiona."

Mama alifungua mdomo kulia. Bibi akanyoosha mkono, akamzuia.

"Kibuyu kilikuwa kinaelekea wapi, umesema?"

"Juu, Bibi. Huku kwetu."

"Na siku ya mwisho kilipanda au kilishuka?"

Chibago alifikiri. Nadhani alitaka kumfariji bibi mzee, na hakujua alichokuwa anakifungua. "Kilipanda," alisema.

"Basi," Bibi akasema. "Yuko njiani."

Wazee wetu walijua, na Bibi alilijua hilo kuliko wote, kwamba aliyekufa majini bila kuzikwa hufuata maji. Ndiyo maana waliochukuliwa na mto wetu hatukuwangoja, kwa kuwa maji ya kwetu yanashuka tu, yanakwenda kuungana na mto Kinyasungwe, na kutoka huko hadi bahari ambayo hakuna mzee wetu aliyeiona. Lakini maji yanayopanda! Baba mdogo alijaribu. Alisema, "Mama, mtu amekufa. Tulie, tunyoe nywele, tumalize." Bibi akamjibu kwa sauti ya chini, "Utamnyolea nywele mtu aliye njiani? Afike akute mmemaliza kumlilia, ageuke?"

Hakuna aliyelia. Mama hakunyolewa. Na kuanzia kesho yake Bibi alitupa amri mpya, Mama na mimi. Tukishuka kuteka maji, tutachuchumaa tukitazama chini, kule mto unakokwenda, kwa sababu ndiko atakakotokea. Akikuta migongo yetu ataona hatumtaki.

Majirani walisikia. Walihamisha visima vyao, wakaenda kuchimba mbali na chetu. Asubuhi ungeona wanawake wote mtoni wameelekea upande mmoja, na sisi, Mama na mimi, tumeelekea wa pili. Bibi hakuweza tena kushuka ukingo, magoti yalimsumbua. Mimi nilikuwa na hofu pande zote mbili. Mgongoni niliogopa maji, na mbele niliogopa kaka yangu. Nilimpenda Ndahani, nasema wazi, lakini sikutaka aje. Nilikuwa nautazama ule mchanga mweupe unaometameta kwa jua mpaka machozi yakanitoka, na mara kwa mara niliona kitu kirefu kimesimama kule mbali, kinatetemeka, kisha nikipepesa macho hakipo.

Mama alizua desturi yake mwenyewe. Kata ya kwanza kila asubuhi aliionja. Chibago alikuwa amesema chumvi ndiyo inayotangulia, inapita chini, na Mama alilikamata neno hilo. Alionja, akatikisa kichwa, ndipo tukaanza kujaza. Hivyo mwezi mzima na zaidi. Hakuwa akila vizuri tena. Ugali wa uwele ulimkaukia mbele yake, mlenda ukapoa, naye yuko mlangoni anatazama mtoni. Mabega yake yalichongoka. Niliwasikia shangazi zangu wakinong'ona kwamba mto utawachukua wawili, mmoja huko na mmoja huku.

Asubuhi moja aliionja kata, akatulia. Akanipa.

"Onja."

Nikaonja. Kulikuwa na chumvi.

Leo najua. Ardhi ya kwetu ina chumvi, huko Bahi watu wanaikusanya na kuipika, na kiangazi kikizidi visima vya mchangani huingiwa na ladha hiyo kila mwaka. Nilipaswa kukumbuka hata siku ile, nilikwisha kunywa maji hayo mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. Sikukumbuka. Mama alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Chibago arudi akatabasamu, na tabasamu hilo likanitisha kuliko chumvi.

Baada ya hapo akawa anashinda mtoni kutwa. Mimi nilitumwa kukaa naye.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la utosi. Mawingu yalikuwa mbali sana, upande wa juu, na sisi tuliyapa mgongo. Mama alikuwa ndani ya kisima, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, macho yake chini mtoni. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa shimo. Kwanza nilisikia harufu ya vumbi lililolowa ikinijia kisogoni. Halafu maji yaliyokuwa ndani ya kisima yakatikisika, duara moja dogo, kisha jingine, wala hakuna aliyekuwa ameyagusa.

Nikageuka. Nilivunja amri ya Bibi nikageuka, na penye kona nikaona ukuta wa rangi ya udongo, na ndipo sauti ikafika.

"Mama! Maji!"

"Nayasikia," akasema. Hakugeuka. "Anakuja."

Nilimshika mkono nikamvuta. Alikuwa amekonda kama kijiti lakini sikuweza kumsogeza, alijishikilia kwenye mchanga kwa miguu yote miwili. Akaniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfukuza mtoto jikoni, "Nenda juu wewe. Niache nimpokee."

Na mimi nikaenda. Hilo ni jambo ambalo mtu akilisoma lazima alijue. Nilimwacha mama yangu shimoni nikakimbia kuokoa roho yangu, nikapanda ukingo kwa mikono na magoti, na nilipofika juu nikatazama nyuma nikamwona bado yumo, amenyoosha mikono mbele, upande usio na maji. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikaita jina.

"Ndahani! Mama, Ndahani yuko hapa! Amepita nchi kavu, yuko hapa juu! Mama, njoo umwone!"

Nikanyoosha kidole penye kichuguu kilichokuwa pembeni yangu.

Mama aligeuza kichwa. Sijui alitokaje. Namwona tu yuko nje ya shimo anakimbia, nguo imemfunguka, na maji yanafika kisimani nyuma yake, yanameza kibuyu, yanamshika kiuno, na yeye ameshika mizizi ya ukingo na mimi nimeshika nywele zake, zile nywele ambazo hazikunyolewa. Akapanda. Mto wote ukapita chini yetu ukinguruma.

Alipopata pumzi alitambaa mpaka penye kichuguu. Akapapasa udongo.

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Mto ulikuwa mbele yetu, umejaa, wenye hasira, na niliona wazi kwamba nikisema hayupo atarudi mle.

"Alikuwa hapa, Mama. Alisimama hapa. Alikutazama ukipanda, mpaka ukafika. Kisha akaondoka."

Swali lake lilikuwa hili tu:

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana, Mama. Hakukonda."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti ambayo majirani waliisikia ng'ambo ya mto, wakajua msiba sasa umeanza.

Bibi aliniita mbele yake jioni hiyo. Aliniuliza kama Ndahani alisema neno, nikasema hakusema. Akaniangalia kwa yale macho yake yenye ukungu, sana, mpaka nikahisi mkojo. Kisha akawageukia watu: "Amefika. Mlieni." Nywele zikanyolewa, za Mama, za Bibi, zangu. Baba mdogo akachinja dume. Chibago alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Mama alikula siku ya tatu, kidogo, na siku ya nne akaomba kuongezewa mlenda. Mwili wake ukarudi. Tulirudi kuteka maji tukitazama juu, kama watu wengine.

Mimi peke yangu sikulia. Nilikuwa ndiye niliyemwona. Wanawake walinishika mikono wakanipapasa, wakanitaka nieleze tena, na kila nilipoeleza niliongeza kidogo, kwa kuwa waliuliza. Alivaa nini? Alisimama vipi? Nami nilikuwa na siri mbili za kuogopa, kwamba nilidanganya juu ya marehemu, na kwamba nililiita jina lake mtoni. Kwa miaka mingi nilikuwa nasikiliza kama limeitikiwa.

Baadaye niliolewa na mtu wa reli. Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka tulipohamia pwani, na siku moja nikamwomba mume wangu anipeleke mahali mto ule unapoingia baharini. Nilikaa ukingoni siku nzima. Yote ya Chibago yalikuwa kweli. Mto ulikwenda, ukachoka, ukasimama, ukageuka. Ulipanda kwa haraka ukashuka kwa uvivu. Mama mmoja aliyekuwa akipika chumvi karibu na hapo alinieleza kwamba mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ndipo maji yanapopanda kwa nguvu, wanayaita bamvua, na siku za katikati yanalegea.

Nikamuuliza, "Dada, yanapanda mpaka wapi?"

Akanyoosha mkono kule mikoko inakokwisha na matete yanakoanza. "Hapo si mbali. Ukiondoka asubuhi, adhuhuri umefika. Mbele ya hapo mto hauijui bahari."

Chibago alitembea karibu mwezi mzima kutoka pale mpaka kwetu. Nilipiga hesabu hiyo nikashikwa na hasira, kwanza juu ya Bibi, ambaye alikuwa kaburini, halafu juu ya kile kibuyu. Nilikuwa nimekuja ili nilie. Nilijua ndiyo sababu, ingawa mume wangu nilimwambia nataka kutazama tu. Maji yakajaa, yakapwa, machozi hayakuja, tukarudi nyumbani.

Mama aliishi miaka mingi. Kila nilipokwenda kumsalimu, nikisha kumwamkia na kuweka mzigo chini, swali lilikuwa lile lile. Alikuwa amekonda? Nami nikajibu hakukonda. Mwisho alipougua, nilikwenda nikiwa nimeamua kumwambia kweli, kwa kuwa nilikuwa mtu mzima na Mkristo, na sikutaka aondoke akiwa amebeba uongo wangu. Nilikaa kitandani kwake nikamshika mkono. Akanitangulia kuuliza. Nikamwambia, "Hakukonda, Mama. Alikuwa amenawiri."

"Ee," akasema, na akalala.

Sasa hakuna wa kuniuliza. Wakati mwingine nikiwa peke yangu namtafuta kaka yangu, yule aliyeondoka na mzigo, nataka nimwone usoni japo mara moja nimlilie kama wenzangu walivyomlilia. Hanijii. Anayenijia ni yule wa kwenye kichuguu, niliyemtunga mwenyewe, amenawiri, kimya, ananitazama. Huyo siwezi kumlilia. Huyo hakufa.